Binti yangu amemchora mtoto katikati ya chakula

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti mwenye umri wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume mwenye umri wa miaka 7. Mama yao alitutoka miaka minne iliyopita, na tangu hapo ninawalea peke yangu. Nawapikia, nawafulia, nawakagulia madaftari, na nilidhani nimeimudu kazi hii mpaka jioni moja ya wiki iliyopita.

Jioni hiyo binti yangu alikuwa amekaa mezani akichora mwanamke mjamzito. Katikati ya mwili aliweka duara moja kubwa, ndani ya duara akamchora mtoto amejikunyata, na juu ya kichwa cha mtoto akaweka vidoti vingi vinavyodondoka kutoka kooni. Nilipomuuliza vidoti hivyo ni nini, akanijibu, "Ni chakula alichokula mama yake." Kutoka kwenye duara alishusha mstari mmoja tu kwenda chini. Kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Baba, damu ya hedhi nayo hupita hapa hapa pa mkojo? Na inatoka kwenye kidonda gani?" Wenzake wawili darasani wamekwisha kuvunja ungo, na yeye mwenyewe matiti yameanza kuota.

Kabla sijajibu, mdogo wake akadakia. Siku mbili nyuma alikuwa amemeza mbegu ya tunda, na aliwahi kumsikia mtu mzima akisema kwamba baba hupanda mbegu na mtoto huota tumboni mwa mama. Alitaka kujua kama na yeye atazaa. Alikuwa analengwalengwa na machozi.

Shangazi, sikuwa na jibu, nikawaambia wakalale. Nilipobaki peke yangu na ile karatasi niligundua kwamba hata mimi sijui mstari wa pili uchorwe wapi. Nina miaka 39, nina watoto wawili, lakini ndani ya mwili wa mama yao sikuwahi kujua kuna nini. Ndugu zangu wanasema hii si kazi ya baba, kwamba ningoje avunje ungo kwanza kisha nimtafute mwanamke wa kumfunda. Je, ningoje? Na nisipongoja, nimweleze nini na kwa maneno gani, nisije nikamfundisha uongo au nikamvunjia heshima?

Baba wa Wawili

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo ulioubeba peke yako kwa miaka minne.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye neno moja la binti yako, neno "kidonda". Mtoto huyo amekwisha kujua kwamba damu itakuja, na kwa kuwa damu zote alizowahi kuziona zilitoka mahali palipoumia, amejitungia maelezo yake mwenyewe, nayo yanamtisha. Kwa hiyo usingoje. Kwa wasichana wengi hedhi ya kwanza huja miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza kuota, mara nyingi kati ya umri wa miaka 10 na 15, lakini hakuna awezaye kukutajia siku, na inaweza kumkuta darasani au usingizini. Akielezwa mapema, atakutana na jambo alilolitarajia. Akielezwa baadaye, huenda atakuwa amekwisha kulala usiku mzima akiamini kwamba anakufa. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi, na wanawake watu wazima walionisimulia usiku wa namna hiyo walikuwa wengi mno.

Mwanamke unayemwamini anaweza kukusaidia kumwonyesha binti namna ya kutumia pedi, na ni vizuri umshirikishe. Hata hivyo, swali aliulizwa baba, na inafaa baba alijibu, kwa sababu mtoto akiona swali lake limehamishiwa kwa mtu mwingine, la pili hatakuletea.

Kuhusu heshima, nakuomba uache hofu. Lugha yetu ina majina ya matusi ya viungo hivi, na ina majina ya adabu ambayo daktari, mwalimu na mzazi huyatamka bila kusitasita: uke, uume, korodani, mji wa mimba, mlango wa kizazi. Mfundishe haya na umzoeshe kuyatamka. Mtoto anayejua jina la kila sehemu ya mwili wake anaweza kusema panapomuuma, na iwapo mtu atamgusa vibaya, Mungu apishe mbali, anaweza kueleza waziwazi alichofanyiwa. Anayefundishwa kusema "huko chini" tu hubaki bila maneno siku ambayo angeyahitaji kuliko siku zote.

Sasa itoe ile karatasi, kwa maana binti yako amekurahisishia kazi. Kosa lililomo limetokana na maneno yetu wenyewe. Tunasema tumbo limejaa, tumbo linauma, tumbo linaendesha, na kwa neno hilo hilo tunasema mtoto yumo tumboni na hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto anayesikiliza kwa makini, kama binti yako, afanye nini isipokuwa kuchora duara moja na kuwaweka humo mtoto na chakula pamoja? Chukueni karatasi mpya, na badala ya duara moja mchoreni mifuko mitatu isiyofunguliana.

Mfuko wa kwanza ni wa chakula. Uko juu, upande wa kushoto, chini ya mbavu, na hufuatiwa na utumbo unaozunguka mpaka kwenye njia ya haja kubwa. Mfuko wa pili ni kibofu cha mkojo, kilicho chini kabisa kwa mbele, nyuma ya mfupa wa kinena. Wa tatu ni mji wa mimba, ambao wengine huuita mfuko wa uzazi, nao umekaa katikati, nyuma ya kibofu na mbele ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa mwanamke mzima ambaye hajabeba mimba una urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, karibu sawa na ngumi yake aliyoifumba. Mwambie binti afumbe ngumi yake mwenyewe na kuiweka chini ya kitovu, kisha umweleze kwamba wake bado ni mdogo kuliko hiyo na kwamba utakua pamoja naye. Kuta zake ni misuli mitupu. Kabla ya mimba una uzito wa gramu 60 hivi, na mimba inapotimia miezi yake mji wenyewe, bila kumhesabu mtoto, hufikia karibu kilo 1. Chakula cha mama hakimdondokei mtoto kichwani. Husagwa na kuingia katika damu ya mama, na virutubisho humfikia mtoto kupitia kondo la nyuma, lililoshikamana na ukuta wa mji wa mimba, na kamba ya kitovu. Mtoto yumo ndani ya maji yake, safi kabisa, na hakuna punje ya chakula inayofika alipo.

Halafu njoo kwenye mistari, mahali ulipokwama. Binti yako alishusha mstari mmoja, nawe ukashindwa kumsahihisha, na nadhani najua sababu. Katika mwili wa mwanamume mkojo na shahawa hupita katika mrija mmoja, na ni rahisi kudhani kwamba kila mwili umeumbwa hivyo. Mwanamke ana njia tatu zilizo mbalimbali. Ya mbele ni tundu dogo sana la mkojo, na haitoi kitu kingine. Ya katikati ni uke, ambamo hupita damu ya hedhi na ambamo mtoto huzaliwa. Ya nyuma ni ya haja kubwa. Mchoreeni mwanamke wenu mistari mitatu na muiandike majina yake, ndipo swali la kwanza la binti litakuwa limejibika: damu haipiti pa mkojo.

Hapo hapo mfundishe jambo moja la kila siku. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi, sentimita 4 tu, ilhali wa mwanamume hufika sentimita 20 hivi, na kwa sababu hiyo vijidudu kutoka njia ya haja kubwa hukifikia kibofu cha mwanamke kwa urahisi zaidi. Ajifute kutoka mbele kwenda nyuma kila anapotoka msalani, siku zote za maisha yake.

Sehemu ya nje inaitwa vulva kwa lugha ya kitabibu: mashavu ya nje, mashavu ya ndani, na kwa juu yanapokutana, kinembe, kiungo kidogo chenye mishipa mingi ya fahamu. Maumbo ya sehemu hizi hutofautiana kama nyuso zinavyotofautiana, na umbo la mmoja kutofanana na la mwingine si ugonjwa. Uke wenyewe ni njia yenye kuta laini zinazogusana, ambazo hutanuka inapohitajika. Ndani yake huishi bakteria wema wanaotengeneza asidi inayozuia vijidudu vya maradhi, kwa hiyo uke hujisafisha wenyewe na hauhitaji kuoshwa ndani kwa sabuni, dawa wala manukato, kwa kuwa kufanya hivyo huwaua hao walinzi. Maji safi kwa nje yanatosha. Ute mweupe au usio na rangi atakaouona katika nguo ya ndani miezi kadhaa kabla ya kuvunja ungo ni dalili ya ukuaji, lakini ukiwa na harufu mbaya au ukiambatana na muwasho apelekwe akapimwe.

Pembezoni mwa mlango wa uke kuna utando mwembamba uitwao kizinda. Nalitaja hili kwa sababu najua atalisikia kwa wenzake likiwa limepotoshwa. Kizinda kwa kawaida hakizibi njia, na ndiyo maana damu hupita. Wengine huzaliwa na kizinda kidogo mno, wengine chenye kunyumbuka, na hakuna daktari anayeweza kukitazama akajua kama msichana amewahi kukutana na mwanamume. Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka mwaka 2018 vipimo vya namna hiyo vikomeshwe popote vinapofanywa, kwa kuwa havina msingi wa kisayansi na vinawaumiza wasichana. Binti yako asije akahukumiwa kwa utando ambao hausemi lolote.

Uke unapoishia ndani kuna mlango wa kizazi, sehemu ya chini ya mji wa mimba, yenye tundu jembamba sana. Tundu hilo hufunguka hadi sentimita 10 siku ya kujifungua, kisha hujifunga tena. Nimeliona likifunguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na hadi leo hunistaajabisha.

Juu, kutoka pembe mbili za mji wa mimba, chora mirija miwili myembamba yenye urefu wa sentimita 10 hivi kila mmoja. Inaitwa mirija ya falopio kwa kumbukumbu ya tabibu wa Italia, Gabriele Falloppio, aliyeieleza katika kitabu chake cha mwaka 1561. Mwisho wa kila mrija una vishada kama vidole, na karibu na vidole hivyo imekaa ovari, kiungo chenye urefu wa sentimita 3 hivi, kinachotunza mayai na kutengeneza homoni, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe mwilini, ziitwazo estrojeni na projesteroni.

Hapa, mwanangu, usipite haraka. Mayai ya mwanamke hayatengenezwi mwezi hadi mwezi. Msichana huzaliwa akiwa nayo yote, kati ya milioni 1 na milioni 2, na anapofika balehe hubaki laki 3 au 4 hivi, ambayo katika maisha yake yote ni 400 au 500 tu yatakayopevuka na kutoka. Yalianza kuumbwa msichana mwenyewe akiwa bado katika mji wa mimba wa mama yake. Maana yake ni hii: yai ambalo lilikuwa nusu ya mwanzo wa binti yako liliumbwa kabla mama yake hajazaliwa, wakati bibi yake alipokuwa na mimba ya mama yake. Watoto wako wamemkosa mama yao mapema sana. Mwambie binti jambo hili kwa maneno hayo hayo, kwamba alikuwa na mama yake, na hata na bibi yake, miaka mingi kabla wewe hujakutana na yeyote kati yao. Ni kweli tupu, na sidhani kama kuna zawadi bora zaidi unayoweza kumpa kutoka katika somo hili.

Sasa damu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, na wakati wa balehe unapofika tezi hiyo huanza kupeleka ujumbe kwenye ovari kwa njia ya homoni zinazosafiri katika damu. Ovari huitikia kwa kukuza yai na kutoa estrojeni, na estrojeni huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba uanze kunenepa, mithili ya tandiko linaloandaliwa kwa ajili ya mgeni. Yai likipevuka hutoka kwenye ovari na kuingia mrijani, ambamo huishi kwa saa 12 hadi 24. Likikutana na mbegu ya kiume, mimba huanza hapo hapo ndani ya mrija, kisha siku kadhaa baadaye hushuka na kujipachika kwenye lile tandiko. Lisipokutana nayo, basi wiki mbili hivi baada ya yai kutoka homoni hushuka, tandiko hukosa kazi, na mji wa mimba hulibandua na kulitoa taratibu pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Hakuna kilichochanika wala kuumia, na tandiko jipya huanza kuandaliwa kabla hata damu haijakauka.

Mtoto anayesikia neno "damu" huona mtungi mzima akilini, kwa hiyo mtajie kiasi. Katika siku 3 hadi 7 za hedhi, wanawake wengi hupoteza mililita 30 hadi 40 tu, ambazo ni kama vijiko vikubwa viwili au viwili na nusu. Chukua kijiko na maji, ummiminie kwenye kikombe aone kwa macho yake. Mwambie pia kwamba rangi inaweza kuanza kahawia badala ya nyekundu, na kwamba katika mwaka wa kwanza au wa pili damu inaweza kuruka mwezi au kuja mapema, kwa sababu ubongo na ovari bado vinajifunza kuelewana. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa wasichana wadogo siku 21 hadi 45 ni kawaida, na kwa mtu mzima ni 21 hadi 35. Zile "siku 28" zinazotajwa kila mahali ni wastani, na mwanamke ambaye mzunguko wake haufikii hapo au unapita hapo hana kasoro. Nunua daftari dogo aandike tarehe zake, na aliweke mwenyewe.

Maumivu ya tumbo la chini hutokana na misuli ya mji wa mimba inayojikaza ili kuusukuma ule utando. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake huwasaidia wengi. Lakini maumivu yanayomzuia kwenda shule kila mwezi si jambo la kumwambia avumilie. Mpeleke kwa daktari, kama utakavyompeleka akilowesha pedi moja kila saa au kila saa mbili, akitokwa na damu zaidi ya siku 7, au akifika miaka 15 bila kuvunja ungo.

Niingie sasa kwenye mbegu, ambayo imemliza mtoto wa miaka 7 na ambayo, kwa maoni yangu, imewaliza wanawake wengi zaidi. Neno "mbegu za kiume" limekwisha kuota mizizi na hata mimi nimelitumia hapo juu, ila picha inayokuja nalo ni ya uongo. Mbegu ya mmea ni mmea mchanga uliokwisha kuanza, umefungwa ndani ya ganda na kupewa akiba ya chakula, na udongo unachangia maji na lishe tu. Anayesema kwamba mwanamume hupanda mbegu huwa amesema, bila kukusudia, kwamba mtoto mzima hutoka kwa baba na kwamba mama ni shamba. Na shamba lisipootesha, lawama huwa ya shamba. Ukitaka mfano sahihi kutoka kwenye mimea, chembe ya kiume ni sawa na chavua, ile vumbi ya maua inayobebwa na nyuki na upepo. Chavua peke yake haioti popote. Ni lazima ikutane na kijiyai kilicho ndani ya ua, na mbegu ni matokeo ya kukutana huko.

Hata wataalamu walikaa muda mrefu katika kosa hilo. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona chembe za kiume kwa hadubini yake mwaka 1677, na baada yake wapo walioamini kwamba ndani ya kila chembe amejikunja mtu mdogo aliyekamilika, akisubiri kupandwa. Yai la mamalia halikuonekana hadi mwaka 1827, lilipogunduliwa na Karl Ernst von Baer, na ilikuwa mwaka 1876 ndipo Oscar Hertwig, akichunguza mayai ya mnyama wa baharini, alipoonyesha kiini cha kiume na kiini cha kike vikiungana kuwa kimoja. Leo tunajua kwamba kila upande huleta kromosomu 23, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi, na mtoto huanza na 46. Mama huleta zaidi ya nusu, kwa kuwa lile yai, lenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ndilo pia huleta akiba yote ya siku za mwanzo. Yai daima hubeba kromosomu X, na chembe ya baba hubeba X au Y, kwa hiyo jinsia ya mtoto hutokana na chembe ipi ya baba iliyotangulia kufika. Mwanamke anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa kwa jambo ambalo yai lake halina uwezo nalo. Vilevile mimba inapochelewa, wote wawili wapimwe, kwa sababu tatizo huwa upande wa mwanamume mara nyingi tu, peke yake au pamoja na la mwanamke. Mfundishe binti yako haya sasa, na mfundishe mwanao vilevile, maana naye siku moja atakuwa mume wa mtu.

Kwa binti wa miaka 11 maelezo ya namna viwili hivyo vinavyokutana hayahitaji kuwa marefu. Mwambie kwamba ni tendo la watu wazima, ambapo uume huwa ndani ya uke na shahawa hubaki humo, na kwamba chembe za kiume huogelea kupitia mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, ambamo baadhi zinaweza kuishi hadi siku 5 zikilisubiri yai. Ongeza kwamba msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza, kwa kuwa yai hutangulia na damu hufuata. Akiuliza zaidi, jibu alichouliza na uishie hapo. Akinyamaza, nyamaza naye, atarudi.

Mwili wa mwanao uchoreeni karatasi yake, na kwa umri wake mistari michache inatosha. Korodani mbili hukaa nje ya mwili ndani ya pumbu kwa sababu hutengeneza chembe za kiume vizuri katika joto lililo chini kidogo ya lile la mwili. Kazi hiyo bado hazijaianza, zitaianza atakapobalehe, na tofauti na ovari, zikianza hutengeneza chembe mpya kila siku, ambapo kila chembe huchukua miezi miwili na zaidi hadi kukamilika. Chembe hizo hupanda kwa mirija hadi karibu na kibofu, huchanganyika na majimaji ya vifuko vya shahawa na ya tezi dume, kisha hutoka kwa mrija wa uume. Mkojo nao hupita humo, lakini si kwa wakati mmoja, kwa kuwa mlango wa kibofu hujifunga. Mfundishe tangu sasa kwamba akipata maumivu makali ya ghafla kwenye korodani akuambie saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Korodani inaweza kujisokota na kukatikiwa damu, na hospitali huwa na saa 6 hivi za kuiokoa kabla haijaharibika. Wapo wavulana walioipoteza kwa sababu waliona haya kumwambia mtu.

Hayo yote usiyamalize kwa kikao kimoja. Anza na mifuko mitatu na njia tatu, leo au kesho, kisha iacheni karatasi mahali binti anapoweza kuifikia bila kuomba. Ukikosea jina, lirekebishe mbele yake na uendelee. Hatakudharau kwa hilo.

Ila huyo mdogo asingoje karatasi. Mwite leo kabla hajalala, umwonyeshe kwa kidole njia kutoka kooni hadi kwenye mfuko wa chakula, na umwambie kwamba mbegu ya tunda aliyoimeza ilipita huko, haikuota, na imekwisha kutoka siku nyingi alipokwenda msalani.